Mwenda tezi na omo: Safari ya tiara kutoka Ngomeni hadi Watamu

Mwezi wa Juni, siku ya Jumamosi baada ya Alasiri, alinijia mpwa wangu mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni kijana wa miaka 23, mzaliwa wa Watamu, na kwa miaka mitatu sasa amekuwa fundi wa mchezo huu wa kuteleza juu ya maji kwa tiara, ambao wenyewe vijana huuita kaiti. Aliikunjua karatasi mbele yangu. Ilikuwa ramani ya pwani yetu, na juu yake amepiga mstari wa kalamu nyekundu kutoka Watamu hadi Lamu.

"Mjomba," aliniambia, "mwezi ujao Kusi ikishika kasi nataka kwenda na upepo moja kwa moja. Mama amesema nije kwako. Ukikubali wewe, naye atatoa radhi yake."

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa bahari. Kalamu ndiyo kasia yangu. Lakini najua kwa nini dada yangu alimleta kwangu badala ya kumkatalia yeye mwenyewe. Mwaka uliotangulia, mwenzake kijana huyu, ambaye sitamtaja, aliingia majini peke yake saa tisa mchana bila ya kumwambia mtu. Upepo ukamwishia nje ya mwamba. Tiara ikaanguka, nyuzi zikamzunguka miguuni, na mkondo ukamchukua. Wavuvi waliokuwa wakirudi na mitego yao walimwona karibu na Magharibi, ameng'ang'ania tiara iliyojaa maji nusu. Walipomfikisha ufuoni mamake alikuwa amekwisha kuketi mkekani pamoja na majirani, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Basi nilimwambia mpwa wangu: jawabu sina, ila najua mwenye nalo.

TIARA ILITOKA WAPI

Aliyezaliwa hapa petu Pwani hahitaji kufundishwa tiara ni nini. Nani kati yetu hakuunganisha vijiti vya njukuti kwa uzi, akabandika karatasi kwa uji wa ngano, akaenda kushindana na wenzake uwanjani? Kaiti ni tiara hiyo hiyo, ila imekua ikawa kubwa kama paa la kibanda. Nguo yake ina mita za mraba 7 hadi 14, kwa kadiri ya upepo na uzito wa mtu. Nyuzi zake aghalabu ni nne, ndefu kiasi cha mita 20 hadi 25, nazo hushikana na fimbo ya kuongozea na mkanda wa kiunoni. Miguuni mchezaji huvaa ubao.

Kilichouwezesha mchezo huu ni hila moja ndogo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, watu wa pwani ya Brittany, waliandikisha mwaka 1984 haki ya tiara yenye mbavu za kujazwa hewa. Tiara ya namna hiyo ikianguka majini huelea, na mwenyewe aweza kuiinua tena bila ya kusaidiwa. Ilianza kuuzwa mwaka 1997, na toka hapo ikaenea katika pwani zote zenye upepo wa kutegemewa. Na upepo wa kutegemewa, msomaji, sisi tumepewa na Mwenyezi Mungu misimu miwili kila mwaka.

KWA NAHODHA

Tulimwendea mzee mmoja wa mtaa wa Shela, Malindi, aliyekuwa nahodha wa jahazi enzi ambazo mikoko ya Lamu ilipelekwa Ghuba kwa tanga. Tulimkuta barazani anashona juya. Tukaamkiana, tukaletewa kahawa, na mpwa wangu akaikunjua karatasi yake.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza maswali matatu, na kila swali akitia kidole juu ya mstari mwekundu.

"Hapa uzi ukikatika, utapanda pwani wapi?"

Kijana hakujua.

"Siku hiyo maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa?"

Kijana akasema ataangalia asubuhi ile ile.

"Na ukichelewa, nani atakayejua kwamba umechelewa?"

Hapo mpwa wangu alinyamaza, nami nikajua anamfikiria yule mwenzake.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "upepo wa tezi ndio mtamu kuliko pepo zote, nao umewapoteza wengi. Mwenye kubisha dhidi ya upepo wa omo akichoka hugeuza chombo akarudi kwao. Mwenye kufuata upepo wa tezi, kila anapofurahi anazidi kuwa mbali. Na ukichoka wewe, upepo haujachoka."

Hapo, msomaji, ndipo palipo siri ya safari za namna hii. Mchezaji wa tiara anayecheza mbele ya kwao huenda na kurudi pale pale, na kazi yake kubwa ni kurejea joshini. Anayekwenda safari ya kufuata upepo huachiwa kazi hiyo. Atakwenda kwa wepesi mara mbili, na misuli yake itadhani imeshinda. Lakini njia ya kurudi ameifunga mwenyewe nyuma yake. Kwa hivyo mambo yote ambayo mtu wa kawaida huyaamua akiwa majini, huyu lazima ayaamue kabla hajalowa.

MSIMU WA NANI?

Mzee aliukataa mwezi wa Julai papo hapo. Kusi huanza Aprili, na Juni hadi Agosti ndipo inapovuma kwa nguvu, bahari ikachafuka. Kijana alidhani nguvu hiyo ni faida. Mzee akamwonyesha upande wa pili.

"Kusi ikiwa kali wavuvi wa madau na mitumbwi hukaa pwani. Sasa ukianguka nje ya mwamba, nani atakuokota? Subiri Kaskazi, Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa meupe, unaona mwamba chini yako, na kila upande kuna tanga la mvuvi. Bahari yenye watu ni salama kuliko bahari tupu."

Na Kaskazi ikivuma, mstari wa safari hugeuka. Badala ya kutoka Watamu kwenda juu, utatoka juu kuja Watamu. Mzee alicheka aliposema hili. "Wazee walinena, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Panda gari hadi Ngomeni, kisha uache upepo ukulete kwa mamako. Ukifika mwisho umefika nyumbani. Na ukiwa garini utaiona njia yote kabla hujaipita."

Kuhusu Lamu alisema neno moja tu: bado. Kutoka Ngomeni kwenda huko kuna Ghuba ya Ungwana, fuo ndefu zisizo na nyumba, na mlango wa Mto Tana pale Kipini, ambapo maji ya mto na mawimbi ya bahari hupigana. Hiyo ni safari ya mtu aliyekwisha kufanya nyingine kadhaa. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Msomaji akidhani mzee anatia chumvi kuhusu misimu, na akumbuke yaliyompata Vasco da Gama. Aliondoka hapa Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapa hapa mjini, na upepo wa msimu ukamfikisha Calicut tarehe 20 Mei, hata mwezi haukutimia. Rubani huyo wengi tulisimuliwa kuwa ni Ahmad ibn Majid, ingawa wanahistoria wengi siku hizi hawalikubali hilo. Vyovyote awavyo, alijua aondoke lini. Lakini wakati wa kurudi Mreno hakungoja Kaskazi ikomae. Aliliacha bara la Hindi mapema Oktoba, na pwani ya Afrika hakuiona hadi Januari 1499. Mabaharia wengi walikufa njiani kwa ugonjwa wa ufizi, na waliobaki hawakutosha kuviendesha vyombo vyote. Basi ile São Rafael wakaitia moto wenyewe. Bahari ni ile ile na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni msimu tu.

KALENDA YA SALA NA KALENDA YA MAJI

Jambo lililonishangaza mimi ni jinsi mzee alivyochagua siku. Hakuuliza tarehe ya Januari. Aliuliza mwezi mwandamo.

Maji ya bahari humfuata mwezi, na sisi Waislamu tunao mwezi ukutani mwetu. Mwezi unapoandama na unapopevuka huwa ni bamvua. Hapa petu maji hujaa kadiri ya saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kati yake, kama saa nne, hukupwa hadi mwamba ukabaki mkavu. Tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kubwa hukaribia mita 4. Siku zinazofuata maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Kwa hivyo mwezi ukifika siku 4 au 5, maji hukupwa adhuhuri, wakati upepo ndio kwanza unakolea. Mchezaji wa tiara akiingia hapo, chini yake pana mawe na miiba ya mwambani, na kuanguka kidogo tu ni jeraha.

Ngoja hadi mwezi uwe na siku 8 hadi 11, au 22 hadi 25. Hapo ni maji mafu. Hayakupwi sana, na hujaa kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Ndiyo siku za safari. Hesabu hii ni ya kuchagulia juma tu. Saa yenyewe na itazamwe katika jedwali la maji la bandari ya Kilindini, maana mwezi wa kuonekana kwa macho waweza kutofautiana kwa siku moja au mbili.

Na kwa kuwa tumetaja kalenda, yako mambo mengine. Kuanzia mwaka 2026, Ramadhani kwa miaka kadhaa inaangukia ndani ya Kaskazi. Jua, chumvi na kazi ya mwili kwa mtu aliyefunga si jambo la mchezo, basi safari na iwe kabla ya mfungo au baada yake. Siku ya Ijumaa iachwe kwa Ijumaa. Wala kijana asijidanganye kwamba amekuwa msafiri wa kupunguza Sala. Kwa madhehebu yetu ya Shafii masafa yake ni marhala mbili, zaidi ya kilomita 80, na safari hii nzima haizidi sana 50. Mwenye shaka amwulize shehe wake. Nguo nayo ni jambo jepesi: suruali ya maji inayopita magoti na fulana ya mikono mirefu husitiri uchi, na papo hapo hukinga jua.

SIKU TATU, VITUO VITATU

Kwa shauri la mzee mstari mwekundu ulifutwa, ukachorwa mpya, mfupi, wenye vituo.

Siku ya kwanza ni Ngomeni hadi Mambrui, chini ya kilomita 20. Ngomeni ndipo Waitaliano walipokuwa na majukwaa yao baharini, yale ya San Marco, wakirusha satelaiti kati ya 1967 na 1988. Ufuo wa kuja Mambrui ni wa mchanga, mpana, na mtu aweza kupanda pwani karibu popote. Ndiyo maana mwanzo uwe huko. Mambrui ni mji wa Kiislamu wa siku nyingi, na kijana atalala mahali panaposikika adhana. Hapo ndipo wachimbaji wa mambo ya kale, Wachina na Wakenya, walipoipata mwaka 2010 sarafu ya Kichina ya karne ya 15. Wageni wa upepo hawakuanza jana.

Siku ya pili ni Mambrui hadi Malindi, kama kilomita 13, nayo ndiyo fupi kwa makusudi, kwa sababu katikati yake pana mlango wa Mto Sabaki. Mvua za vuli zikiwa zimenyesha bara, maji ya hapo huwa mekundu kwa udongo na huleta magogo. Mafungu ya mchanga hubadilika kila mwaka. Na viboko wako. Hapo hapana kupumzika wala kupanda pwani. Hupitwa kwa nje, mbali na mawimbi yanayovunjika, na chombo cha kusindikiza kikiwa karibu. Kama asubuhi hiyo mlango umechafuka, tiara inafungwa na watu wanapanda gari hadi Malindi. Siku moja iliyopotea haijamwua mtu.

Siku ya tatu ni Malindi hadi Watamu, kiasi cha kilomita 20, njia yenye miamba mingi karibu na uso wa maji. Sehemu kubwa yake ni mbuga za bahari zilizohifadhiwa tangu 1968, na taratibu za Shirika la Wanyamapori, KWS, ziulizwe kabla na zilipiwe. Huko kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Nje ya mwamba, kusini ya Malindi, mkondo mkuu wa pwani yetu huelekea kaskazini hata wakati wa Kaskazi. Aliyepoteza tiara asidhani atapelekwa kule upepo unakokwenda.

Kila siku ratiba ni moja: kusali Adhuhuri ufuoni, kuingia majini saa saba, kutoka kabla ya Alasiri. Mwenye ujuzi huweza kwenda kilomita 15 au zaidi kwa saa. Lakini hesabu ya safari ya kwanza na ifanywe kwa 10, ili pawe na nafasi ya kupumzika na ya makosa. Upepo ukiwa chini ya maili za baharini 12 kwa saa, hapana safari. Ukizidi 25, hapana safari.

WATU KWANZA, KISHA VYOMBO

Mpwa wangu alikuwa amejaza ukurasa mzima kwa majina ya tiara na mbao. Mzee akamwambia aanze na watu.

Wasipungue wawili majini, na waonane kila wakati. Boti moja iwafuate na mtu anayeijua milango ya mwamba, si anayejua kuwasha mashine tu. Mwingine awe barabarani na gari, akisubiri mahali palipotajwa. Kamati za wavuvi za ufuoni, zile za BMU, zipewe habari kila kituo. Na mtu mmoja nyumbani awe na karatasi inayosema: wataingia saa ngapi, watatoka wapi, na wasipopiga simu kufikia saa kumi nani atafutwe.

Vitu vyenyewe ni hivi: jaketi la kuelea, kofia ngumu, firimbi, kisu cha kukatia nyuzi kilichofungwa kifuani, simu ndani ya mfuko usioingia maji, viatu vya mpira, maji ya kunywa lita mbili na tende. Botini iwemo tiara ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, pamoja na pampu na viraka. Kabla ya siku yenyewe kila mmoja afanye mazoezi kwenye maji ya kifuani: kufyatua tiara, kuzungusha nyuzi juu ya fimbo, kuifikia nguo, na kuishika bawa lake kama tanga hadi pwani. Aliyelifanya hilo mara kumi penye kina kifupi atalikumbuka penye kina kirefu.

Na adabu. Mvuvi yuko kazini. Wewe uko mchezoni. Tiara hukaa upande wa demani wa mchezaji, kwa hivyo ukipita joshini mwa ngalawa nyuzi zako zitakuwa juu ya mlingoti wake. Pita demani yake, na pita mbali. Alama za mitego na nyavu usizikaribie. Wale waliomwokota yule kijana jioni ile walipoteza samaki wa siku nzima, na hawakudai kitu.

KARATASI JIKONI

Njiani kurudi Watamu mpwa wangu alikuwa kimya. Nilidhani amevunjika moyo. Tulipopita Gede akaniuliza kama ni kweli kwamba yule mzee alikwenda hadi Basra na kurudi. Nikamwambia ndiyo, tena si mara moja. "Na hakuwa na simu," akasema. Nikamjibu kwamba alikuwa na watu waliojua ameondoka lini, na alingoja msimu. Usisafirie nyota ya mwenzio, wazee walisema, na nadhani siku hiyo kijana alianza kuitafuta yake.

Juma lililofuata nilikwenda kumtembelea dada yangu. Jikoni, kando ya kalenda ya Kiislamu iliyotolewa msikitini, palikuwa pamebandikwa karatasi mpya. Ilikuwa na vituo vitatu, saa za maji, jina la mwenye boti, na mahali ambapo gari litasubiri. Chini kabisa mpwa wangu alikuwa ameandika: "Ikifika saa kumi sijapiga simu." Na baada ya maneno hayo dada yangu alikuwa ameongeza kwa mkono wake mwenyewe namba za wale wavuvi.

Nilimwuliza kama ametoa radhi.

"Nimempa," akasema, huku akigeuza maandazi. "Lakini ikifika saa kumi kasorobo nitakuwa ufuoni."